Je, Wajua? Kutoka Gunia la Dongobesh Hadi Fomu ya Australia

Je, wajua kwamba gunia la lumbesa huvalishwa kofia? Likishajaa pomoni halifungwi mdomo kama magunia mengine. Linaongezewa neti juu, neti inajazwa vitunguu, kisha inashonwa kwa kamba ya manila mpaka gunia linakuwa refu kuliko kuli anayelibeba. Nilimuuliza mpakiaji mmoja, mtu mzima wa makamo, "Mjomba, hiyo kofia nayo inalipiwa?" Akanijibu bila kuinua macho, "Hiyo ni ya gari." Hadi leo sijajua lori moja la Fuso hula vitunguu kiasi gani. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kulisimamia hilo. Mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu, mkoani Manyara, akipunjwa hapo kwenye kofia, hakuna kompyuta ya Dar es Salaam itakayomrudishia huko mbele.

Je, wajua kwamba "ugavi" limetokana na kugawa? Afisa ugavi basi ni mgawaji. Waliowahi kusubiri vifaa kwenye dirisha la stoo watasema nusu ya kazi yake ni kunyima.

Je, wajua kwamba Tanzania na Kenya zilitunga sheria za kazi hii mwaka mmoja, 2007? Ya Tanzania iliunda Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, ikichukua nafasi ya bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1981. Kwa sheria hiyo mtu wa ununuzi na ugavi anatakiwa asajiliwe, sawa na mhasibu au mhandisi. Zile siku za kumtoa mpwa nyumbani na kumkabidhi funguo za bohari zilikwisha, kwenye karatasi angalau.

Na kwa kijana wa Dongobesh anayeuliza asome wapi: Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi Babati, mkoani Manyara humu humu.

Je, wajua kwamba Dongobesh ni mji wa manunuzi? Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu yapo hapo. Saruji ya darasa, mabati ya zahanati, hata karatasi za ofisi, zabuni zake sasa hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uliojengwa na Watanzania wenyewe. Mfumo wa zamani, TANePS, uliachwa Oktoba 2023, na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Namba 10. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, maana yake ni kwamba kufahamiana na mkubwa hakutoshi tena. Lazima awe na akaunti, nywila, na mtandao usiokata saa ya mwisho ya kufunga zabuni.

Je, wajua kwamba Bohari ya Dawa ilijifunza usambazaji kwa wauza soda? Ulikuwa mwaka 2010. Swali lilikuwa la kijiweni kabisa: kwa nini Coca-Cola inafika kijiji ambacho panadol haijafika? Ukaanzishwa mradi wa kuazima mbinu za kampuni hiyo, za kupanga njia na kujua kiasi cha kupeleka. Dawa zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye vituo vya afya badala ya kuishia maghala ya wilaya.

Haraka haraka. Kontena la kisasa lilisafiri mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1956, meli Ideal X ikiwa na makontena 58, kutoka Newark hadi bandari ya Houston. Bidhaa ya kwanza kusomwa kwa msimbo mistari dukani ilikuwa pakiti ya bablishi, Ohio, Juni 1974. Na mwaka 2018, huko Ziwa Victoria, ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi.

Lakini Mbulu ina chombo cha zamani zaidi kisichohitaji chaji. Je, wajua kwamba punda anayeteremsha magunia kutoka shambani naye aliingia kwenye mnyororo wa ugavi wa dunia, tena vibaya? Ngozi yake huchemshwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao, na soko hilo likaanza kumaliza punda wa Afrika. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wake kwa ajili ya ngozi, kwa miaka 15. Fikiria: mbebaji wa mzigo anageuzwa mzigo.

Je, wajua kwamba akili ya mashine ina majina zaidi ya watoto wa mitala? Akili bandia, akili mnemba, akili unde. Mnemba ni kisiwa pia, Zanzibar, kwa hiyo ukimwambia babu kwamba kazi za makarani zinachukuliwa na Mnemba, usishangae akiuliza nauli ya boti.

Sasa hapa tutulie kidogo. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walipanga kazi 702 za Marekani kwa uwezekano wa kuchukuliwa na kompyuta. Karani wa ununuzi alipewa asilimia 98. Mtaalamu wa lojistiki, asilimia 1.2. Hao ni watu wa ofisi moja, wanaokunywa chai ya chupa moja! Karani hunakili: namba ya oda, idadi, bei, tarehe ya kupokea. Mwenzake ndiye anayeamua gari liondoke usiku huu au lisubiri, kwa kuwa mvua imenyesha upande wa Haydom na dereva mwenyewe amekesha. Utabiri ule umepita miaka zaidi ya kumi na makarani bado wapo, kwa hiyo asilimia zile nazichukua kama utabiri wa hali ya hewa: unabeba mwavuli, huhami nyumba.

Je, wajua kwamba mashine tayari zinapatana bei? Walmart ilijaribu programu ya kampuni ya Pactum, yenye asili ya Estonia, kuzungumza na wauzaji 89 kwa maandishi. Ilifikia makubaliano na asilimia 64 kati yao, kwa wastani wa siku 11. Siku kumi na moja! Dalali wa vitunguu angekuwa ameshauza, amekula kamisheni, na ameanza kumkwepa mkulima. Halafu yeye hupatana kwa Kiiraqw, lugha ya Kikushi, ndugu zaidi wa Kisomali na Kioromo kuliko wa Kiswahili, na mapatano yake hayaandikwi popote. Mashine hizi hujifunza kwa maandishi. Mnong'ono wa nyuma ya Fuso haujawahi kuwekwa kwenye maandishi.

Je, wajua kwamba uhamaji wa wataalamu ulianza kwa kuja huku? Kuanzia miaka ya 1970, Kanada ilileta wataalamu na matrekta Hanang, wilaya jirani ya Mbulu, kwenye mradi wa ngano chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo. Yakafunguliwa mashamba saba makubwa, jumla kama ekari 100,000, kwenye nyanda ambazo Wabarbaig walikuwa wakilisha ng'ombe. Baadhi ya wenyeji waliipeleka NAFCO mahakamani. Mashine zilitoka Kanada, na vipuri vyake vilevile, kwa hiyo ngano ya Hanang ilitegemea boksi linalosafiri baharini. Leo wajukuu wa eneo hilo hilo wanaijazia Kanada fomu kupitia mfumo wa uhamiaji wa Express Entry, ulioanza Januari 2015. Mzungu aliyekuja Hanang wakati ule hakuulizwa alama zake za Kiswahili.

Je, wajua kwamba huko nje kazi yako ina namba? Kwenye ANZSCO, ainisho la kazi ambalo viza za Australia zimekuwa zikilitumia, meneja wa ugavi na usambazaji ni 133611, na meneja ununuzi ni 133612. Kwa viza zao za alama, ukitimiza miaka 45 mlango umefungwa, na chini ya alama 65 hualikwi. Mwenye miaka 25 hadi 32 hupewa 30 kwa umri wake tu. Uingereza nayo ilipandisha mshahara wa chini wa viza ya wenye ujuzi kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 Aprili 2024, kisha 41,700 Julai 2025. Vijana waliokuwa wakihesabu ada waliikuta ngazi imevutwa juu mara mbili ndani ya miezi kumi na sita.

Jirani je? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu tarehe 1 Julai 2010. Waliotangulia kusaini kutambuana vyeti ni wahasibu na wasanifu majengo, 2011, kisha wahandisi, 2012. Watu wa ugavi, ambao kazi yao ndiyo kuvusha vitu mipaka, hawakuwa kwenye msafara huo wa kwanza.

La mwisho. Je, wajua kwamba wapimaji wa ujuzi wa Australia hutaka barua ya mwajiri yenye nembo, tarehe, majukumu, na uthibitisho wa mshahara? Namjua kijana wa Dongobesh aliyepakia magari ya baba yake mdogo tangu amalize kidato cha nne. Anajua njia inayoteleza, mzani unaodanganya na mnunuzi asiyelipa. Ushahidi wake wote uko kwenye kaunta buku lililokunjika pembe: tarehe, namba ya Fuso, magunia, utingo kachukua 20,000 ya chakula. Pembeni, mahali pa sahihi, pana dole gumba la wino wa bluu.