Jino la utotoni likitoboka, usisubiri ling'oke lenyewe

Bariadi. Saa nane za usiku, mtoto wa miaka minne amekaa kitandani analia, kiganja kimeshika shavu. Mchana alitafuna upande mmoja tu, jioni akakataa ugali. Mama anawasha tochi ya simu, anamfungua mdomo na kuona gego la chini lina shimo jeusi. Asubuhi anamweleza bibi, na bibi anamtoa hofu: hilo ni la utoto, litang'oka lenyewe.

Ni tukio ambalo mzazi wa Dutwa, kama mzazi wa kwingine kokote nchini, halihitaji kusimuliwa.

Bibi hajakosea, litang'oka. Swali ni lini. Meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka mtoto akifika miaka sita hivi, lakini magego hukaa hadi miaka 10 au 12. Kwa hiyo mtoto wa miaka minne mwenye gego bovu anaambiwa asubiri miaka sita au zaidi, huku anatakiwa kula, kulala na kusoma.

Na shimo halisubiri. Ganda la nje la jino la utotoni ni jembamba kuliko la jino la ukubwani, hivyo uozo ukishaanza hufika haraka kwenye mshipa wa fahamu. Baada ya maumivu huja usaha kwenye mzizi, na chini ya mzizi huo ndiko jino la ukubwani linakotengenezwa. Usaha ukikaa hapo muda mrefu, jino jipya linaweza kuota likiwa na madoa au ganda dhaifu.

Tatizo hili si la kijiji kimoja. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza.

Sababu nyingine inayowachelewesha wazazi ni hofu. Kwa wengi, kwenda kwa daktari wa meno maana yake ni sindano ya ganzi na koleo. Mtoto akishang'olewa jino moja kwa kushikwa miguu na mikono, safari ya pili inakuwa vita. Basi familia inanunua dawa ya maumivu dukani, usiku unapita, na shimo linaendelea kuchimba.

Wachache wanajua kuwa njia ya kuziba jino bila mashine ya kukereza, na mara nyingi bila sindano, ilianzia hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitafuta namna ya kutibu meno mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba. Mashine za kubeba zilikuwa mzigo. Alichobaki nacho ni vifaa vya mkono. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 WHO ikaipigia debe duniani. Kwa kifupi cha Kiingereza inaitwa ART.

Inavyofanyika si siri. Mtaalamu anapanua mdomo wa shimo kwa kifaa kidogo chenye makali, kisha anakwangua sehemu iliyolainika kwa kijiko chembamba cha meno. Hapigi kelele za mashine na hatikisi taya, jambo ambalo kwa mtoto ni nusu ya matibabu. Akishasafisha kwa pamba yenye maji, anachanganya unga na kimiminika kupata saruji iitwayo glasi ayonoma, anaijaza kwenye shimo na kuikandamiza kwa kidole kilichopakwa mafuta ya mgando. Saruji hiyo hushika kwenye jino na kutoa madini ya floraidi kidogo kidogo. Mtoto asitafune kwa saa moja hivi.

Ina mipaka yake. Inafaa zaidi shimo likiwa juu ya gego, palipo wazi. Shimo lililoanzia katikati ya meno mawili huzibwa pia, lakini kizibo hutoka kirahisi zaidi. Jino lenye usaha, au ambalo mshipa wake umeshafikiwa, halizibwi kwa njia hii. Hapo kung'oa kunaweza kuwa ndilo tiba sahihi. Ndiyo maana siku ya kuliona shimo ni muhimu kuliko siku ya kusikia maumivu.

Ipo pia dawa ya majimaji, silva daiamini floraidi, inayopakwa kwenye shimo kwa brashi ndogo ili kusimamisha uozo. Mzazi aambiwe mapema: sehemu iliyooza hubaki nyeusi moja kwa moja. Kwenye gego hakuna atakayeona, kwenye meno ya mbele familia iamue. Mwaka 2021 WHO iliingiza dawa hiyo, glasi ayonoma na dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Kuwemo kwenye orodha hakumaanishi kwamba kila kituo kinazo, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda gari.

Kuna jino moja linalowaponza wazazi wengi. Mtoto akifika miaka sita hivi, gego jipya huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa kuwa hakuna aliyeliona likibadilishwa, hudhaniwa ni la utoto. Ni la ukubwani, na likioza na kung'olewa halina la kuja badala yake. Mmulikeni mtoto mwenu wa darasa la kwanza leo jioni.

Yapo mambo yasiyosubiri siku ya gulio. Shavu likivimba, homa ikipanda, jicho likianza kufumba, au mtoto akishindwa kumeza au kufungua mdomo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge vya kuua bakteria kutoka duka la dawa vinaweza kupunguza uvimbe huku chanzo kikibaki. Asiwekewe tumbaku wala maji ya betri kwenye shimo, na asipewe aspirini. Paracetamol kwa kipimo cha uzito wake inamvusha usiku tu.

Kutoka Dutwa, barabara ya lami itokayo Lamadi inampeleka mzazi hadi Bariadi mjini, na wanaopewa rufaa zaidi huelekezwa Bugando, Mwanza. Kwa aliye chini ya miaka mitano, sera ya afya inatoa msamaha wa gharama katika vituo vya umma, ingawa ni vyema kuuliza unahusu nini upande wa meno. Nenda asubuhi, mtoto akiwa amekula na kupiga mswaki. Usimwambie hataumia, wala usimtishie sindano njiani. Ukifika, kabla koleo halijatoka, muulize tabibu wa meno: hili linaweza kuzibwa?