Matone ya Iodini Hayaponyi Goita

"Daktari, ninywe matone mangapi?" Swali hili limeniandama mwaka mzima, na siku hizi linaletwa pamoja na picha ya chupa ya kahawia iliyonunuliwa mtandaoni. Muulizaji ana uvimbe shingoni, amesikia goita hutokana na upungufu wa madini joto (yaani iodini), akaona dawa ni kuyanywa kwa wingi. Jibu langu ni sifuri. Usinywe hata tone moja, na sababu imo ndani ya tezi yenyewe, ile ya thairoidi iliyo shingoni.

Madini joto, ambayo tezi huyatumia kutengeneza homoni zake, husafiri kwenye damu yakiwa iodaidi. Kiasi kinachoingia katika seli za tezi huamuliwa na protini iliyo kwenye utando wa seli, upande unaogusana na damu. Wataalamu huiita NIS, na jeni yake ilitambuliwa mwaka 1996 na kundi la Nancy Carrasco huko Marekani. Protini hiyo hupitisha chembe 2 za sodiamu pamoja na 1 ya iodaidi. Kwa kuwa sodiamu ni nyingi nje ya seli na kidogo ndani, huingia kwa nguvu na kuikokota iodaidi, hata ile iliyomo ndani ya tezi ikafikia mara 20 hadi 40 ya iliyo kwenye damu. Anayeisimamia kazi hiyo ni homoni ya TSH kutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Ikipanda, NIS huongezeka, ikishuka, hupungua. Mtu anayepata madini joto kidogo tezi yake huyasaka kwa bidii zaidi, na juhudi hiyo ikidumu miaka mingi ndipo tezi inapovimba.

Sasa tupige hesabu ya chupa. Tone moja la dawa ya Lugol ya asilimia 5, maji ya iodini yanayouzwa kwa matone, lina takriban miligramu 6 za madini joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Tone moja ni mahitaji ya siku 40, na watu wanakunywa kadhaa kila asubuhi!

Tezi ikifurikwa hivyo hujifunga. Jan Wolff na Israel Chaikoff walilionyesha jambo hili kwa panya mwaka 1948: iodaidi ikizidi kwenye damu, utengenezaji wa homoni husimama. Tezi yenye afya hujinasua baada ya siku chache kwa kupunguza NIS, iodaidi ndani ikashuka na kazi ikarejea. Tezi yenye ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huishambulia, mara nyingi hushindwa, na ya mtoto aliye tumboni bado haijakomaa kufanya hivyo. Homoni ikipungua TSH hupanda, na goita uliyotaka kuiyeyusha huzidi kukua. Madaktari wa upasuaji humpa mgonjwa wa Graves, ambaye tezi yake hutengeneza homoni kupita kiasi, Lugol hiyohiyo kwa siku chache kabla ya kumpasua, na lengo lao ni kuizima tezi. Ndiyo dawa unayoinywa ukidhani inaiamsha.

Kuna hatari nyingine iliyo kinyume kabisa. Goita ya miaka mingi mara nyingi huwa na vinundu, na ndani ya vinundu hivyo huwamo seli zisizosikiliza TSH tena. Hizo ukizipa madini joto hutengeneza homoni bila kikomo: mgonjwa anakonda, mikono inatetemeka, moyo unadunda ovyo. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto ilipoenea Zimbabwe na Kivu, mashariki mwa Kongo, madaktari waliona wagonjwa wa namna hii wakiongezeka, na hiyo ilikuwa chumvi tu. Ikiwa chumvi iliweza hivyo, utasema nini juu ya matone?

Wengine hupaka iodini mkononi: doa likififia kabla ya saa 24, wanaambiwa mwili una upungufu. Huu ni uongo mtupu. Iodini hutoka kama mvuke, na nyingine hugeuka iodaidi isiyo na rangi papo hapo kwenye ngozi. Doa hufifia hata kwa mtu ambaye madini joto yamemzidi.

Wala chumvi ya bahari isiyoongezwa kitu haitoshi. Lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi na mikrogramu 60 tu za madini joto, na si yote yanayobaki chumvi ikianikwa.

Wala goita zote si za upungufu peke yake. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, watafiti walikuta uhaba unaofanana pande zote, lakini goita zimejaa zaidi kaskazini. Mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri ilihusika: sumu yake mwilini hugeuka thiosayaneti, ambayo huizuia NIS isipokee iodaidi.

Basi fanya haya. Pima TSH kwanza, kisha ultrasaundi ya shingo. Nunua chumvi yenye madini joto, itunze kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na unyevu, isizidi gramu 5 kwa siku. Loweka mihogo michungu na uikaushe vizuri. Homoni ikiwa pungufu kuna levothairoksini. Ikizidi kuna kabimazoli, iodini ya mionzi au upasuaji. Vipimo vikiwa vizuri, huenda ikatosha kufuatilia tu. Mama mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, apate kwa ushauri wa kliniki. Mama anayenyonyesha asiguse matone kabisa, kwa sababu NIS imo pia kwenye matiti na itampelekea mtoto dozi hiyo kupitia maziwa.

Kama umeshaanza kuyanywa, acha leo, na umwambie daktari kabla hajakupima. Kipimo cha tezi kunyonya iodaidi hupotoka kwa wiki kadhaa baada ya tone la mwisho.