Doa ndani ya almasi linavyosoma alama za malaria

Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula himoglobini, ile inayobeba oksijeni. Mlo huo huacha mabaki yenye madini ya chuma, ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe. Ili kisife, huyageuza kuwa punje ngumu ziitwazo himozoini. Klorokwini, kabla vimelea havijaizoea, ilikuwa ikiviua kwa kuzuia punje hizo zisiundwe.

Ndiyo maana watafiti wanataka kuzifahamu punje hizi moja moja. Zikiwa karibu na sumaku, nazo hupata usumaku kidogo. Lakini ni ndogo mno: hupimwa kwa nanomita, yaani milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Sasa wanatumia almasi kuzipima.

Almasi inasomaje sumaku?

Almasi ni kaboni iliyojipanga kwa safu. Katika almasi inayotumika hapa, baadhi ya nafasi za kaboni zimekaliwa na chembe ya nitrojeni, na nafasi ya jirani yake iko tupu. Doa hilo likimulikwa kwa mwanga wa kijani, hutoa mwanga mwekundu.

Sasa fikiria, msikilizaji, unavyotafuta kituo kwenye redio yako. Watafiti huelekeza mawimbi kwenye almasi huku wakibadilisha masafa. Wakifika karibu na gigahezi 2.87, mwanga mwekundu hufifia. Kukiwa na sumaku jirani, masafa hayo husogea, kama kituo kilichohama. Wakipima yamesogea kiasi gani, sehemu baada ya sehemu, kompyuta huchora ramani ya usumaku.

Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, na wenzao walichapisha ramani za namna hiyo za punje za himozoini, moja moja.

Je, hiki ni kipimo kipya cha malaria?

Hapana. Bado ni kazi ya maabara. Tunachotarajia ni kwamba ujuzi huu utasaidia kutafuta dawa mpya, maana vimelea huzoea za zamani.

Kwa leo, ukiwa na homa, au mtoto akichemka mwili, usisubiri almasi wala usinunue dawa kwa kubahatisha. Wahi kituo cha afya ukapimwe.