Mtoto Mwenye Virusi Akilazwa Wadini: Mlezi Afanye Nini?

Leo tunazungumza juu ya mtoto anayeishi na virusi vya Ukimwi anapolazwa, iwe ni Ruiru au Thika Level 5.

Wadi za watoto hujaa, hasa msimu wa baridi nimonia inapozidi. Muuguzi mmoja huhudumia watoto wengi. Hapo wewe mlezi unakuwa msaidizi wake.

Kwanza, nenda na dawa. Dawa za kupunguza makali hutolewa kliniki, na usiku au wikendi huenda zisipatikane wadini. Zibebe pamoja na kadi ya kliniki, kisha umwambie daktari wa zamu mapema. Akina mama wengine hunyamaza wakiogopa kusikiwa na jirani wa kitanda cha pili. Lakini mtoto akikosa dawa kwa siku kadhaa, virusi huzaliana, na vinaweza kuwa sugu hata dawa zisifanye kazi tena. Omba mzungumze kando. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inalinda siri ya mgonjwa.

Pili, usiache septrini. Utafiti wa Zambia uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba septrini ya kila siku ilipunguza vifo vya watoto wenye virusi kwa asilimia 43. Ni dawa ya bei nafuu, lakini inazuia nimonia hatari.

Tatu, hakikisha mtoto amepimwa uzito. Dozi hufuata kilo. Kwa mfano, mtoto wa kilo 5 hupewa nusu ya kidonge cha dolutegravir cha watoto, chenye miligramu 10. Akifika kilo 6, hupewa kimoja na nusu. Mtoto aliyenenepa akibaki na dozi ya zamani, dawa haimtoshi. Usibadilishe mwenyewe, uliza, "Daktari, dozi hii ni ya kilo ngapi?" Vile vile akianzishiwa dawa za TB, mkumbushe daktari kuhusu dolutegravir, kwa maana baadhi ya dawa za TB huipunguza nguvu na dozi huongezwa.

Nne, kumnywesha. Vidonge hivi vya watoto huyeyuka. Tia katika maji safi kidogo, koroga, anywe yote papo hapo. Suuza kikombe, anywe na hayo pia. Akitapika punde baada ya kunywa, mwambie muuguzi. Huenda dozi ikarudiwa.

Tano, mlishe kidogo kidogo mara nyingi, na uendelee kumnyonyesha kama bado ananyonya. Akihara, omba ORS na zinki. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika.

Usingoje daktari apite asubuhi ukiona mtoto anapumua kwa kasi, kifua kinabonyea ndani, ameshindwa kunyonya au kunywa, ana degedege, au haamshiki. Mwite muuguzi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Huko si kusumbua.

Siku ya kuruhusiwa, usiondoke bila kujua mambo matatu: dozi mpya, tarehe ya kurudi kliniki, na dawa ulizo nazo zitatosha siku ngapi. Zikikaribia kwisha, rudi mapema.

Mtoto huyu akinywa dawa zake kila siku, atakua, atasoma, na atazeeka kama wenzake.