Ugonjwa wa Watoto Hauonyeshi Pasi Mpakani

Tarehe 17 Februari 2022 Serikali ya Malawi ilitangaza kwamba mtoto wa kike wa miaka 3, mkazi wa Lilongwe, alikuwa amepooza kwa ugonjwa wa polio. Malawi ilikuwa haijapata mgonjwa wa virusi vya asili vya polio tangu mwaka 1992, na Afrika nzima ilikuwa imetangazwa huru na virusi hivyo mwezi Agosti 2020. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kuwa virusi vilivyomlemaza mtoto huyo vilikuwa na nasaba na vile vilivyokuwa vikienea Pakistan. Miezi mitatu baadaye mgonjwa mwingine alithibitishwa katika Jimbo la Tete, Msumbiji; na kabla ya mwaka kwisha, Msumbiji ilikuwa imepata wagonjwa 8.

Ndugu wasikilizaji, askari anayelinda Mto Songwe au Mto Ruvuma anajua namna ya kumtambua anayevuka kinyume cha sheria. Adui huyu hatambuliki kwa macho. Hukaa katika utumbo wa binadamu, hutoka na kinyesi, kisha huingia kinywani mwa mtoto mwingine kwa maji, chakula au mikono michafu. Kati ya watu 200 wasio na kinga wanaoambukizwa, takriban mmoja tu ndiye hupooza. Waliosalia huonekana wazima, au hupata homa ndogo, nao huendelea kueneza ugonjwa pasipo kujua. Hivyo basi, mtoto mmoja kupooza Lilongwe kulimaanisha kwamba virusi vilikuwa vimekwisha kupita kwa watu wengi.

Polio haina dawa ya kuiponya. Daktari aweza kumsaidia mgonjwa kupumua, na mazoezi ya viungo humpunguzia ulemavu. Lakini neva zilizokwisha kufa hazifufuki. Silaha ni moja tu, nayo ni chanjo inayotolewa kabla adui hajafika.

Nchi jirani zililifahamu jambo hilo. Malawi, Msumbiji, Tanzania, Zambia na Zimbabwe ziliendesha kampeni za pamoja za kuwachanja watoto wa chini ya miaka 5. Kwa upande wetu, awamu ya kwanza ilifanyika Machi 2022 katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Wako wazazi waliouliza kwa nini mtoto aliyekwisha kuchanjwa apewe matone tena. Jibu ni kwamba matone ya ziada hayamdhuru mtoto. Humwongezea kinga, na huziba njia ambayo virusi vingepitia. Mwezi Mei 2024 mlipuko wa Malawi na Msumbiji ulitangazwa kuwa umekwisha.

Jambo hili lawahusu askari kwa namna ya pekee. Mtoto wa askari aghalabu huzaliwa katika kikosi kimoja, akatambaa katika cha pili na kutembea katika cha tatu. Kila uhamisho waweza kumkosesha chanjo. Ratiba yetu humpa mtoto matone mara baada ya kuzaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14, pamoja na chanjo ya sindano. Kwa hiyo kadi ya kliniki haina budi kufungashwa pamoja na barua ya uhamisho, na ipelekwe kwenye zahanati ya kituo kipya mara familia inapowasili. Chanjo iliyokosekana itolewe bila kungoja. Kadhalika, usafi wa vyoo na visima vya kambini ni sehemu ya ulinzi.

Endapo mtoto wa chini ya miaka 15 atalegea mguu au mkono ghafla, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sampuli mbili za choo chake hutakiwa zipatikane katika siku 14 za kwanza, zikipishana kwa saa 24 au zaidi. Kuchelewa huufanya ukweli uwe mgumu kupatikana.

Mwaka 2024 Pakistan na Afghanistan zilikuwa bado zinaripoti wagonjwa wapya. Kwa hiyo ushindi wa majirani zetu usitulaze usingizi. Kila askari mwenye mtoto mdogo aifungue leo kadi yake na kuisoma.