Je, Wajua? Muheme Mlangoni mwa Kanisa

Je, wajua kwamba Kintinku ipo mkoa wa Singida, lakini lugha utakayoisikia zaidi majumbani ni Kigogo, sawa na kwa majirani zao wa Bahi, mkoani Dodoma? Kituo hiki cha Reli ya Kati kipo wilaya ya Manyoni, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Wajerumani walifikisha reli Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, kwa hiyo Kintinku ilisikia honi ya treni katikati ya hapo. Wamisionari wa Kianglikana walikwishatia mguu Ugogo kabla ya garimoshi: walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Wakatoliki wa shirika la Wapasionisti, kutoka Italia, walipewa Dodoma katika miaka ya 1930.

Je, wajua kuwa mtemi wa Kigogo ndiye aliyetunza mawe ya mvua? Katika nchi inayonyeshewa msimu mmoja tu kwa mwaka, na wakati mwingine mvua yenyewe ikakacha, hiyo ndiyo kazi iliyompa heshima, kuliko vita au kodi. Wamisionari waliiita kazi hiyo upagani. Ajabu ni kwamba mkononi walishika Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662, ambacho nacho kina sala ya kuomba mvua! Wakatoliki pia wana sala za misa kwa ajili hiyo. Mtemi na wamisionari walikubaliana kwamba mvua huombwa. Ugomvi ulikuwa juu ya nani aiombe, na kwa nani.

Je, wajua kwamba ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, wakiibana katikati ya mapaja, na kwamba makao yake ya asili ni unyago wa wasichana? Kwa mmisionari wa zamani hapo palikuwa na makosa matatu kwa mpigo: ngoma, unyago na mapaja. Waumini wakafundishwa tenzi za Ulaya, sauti nne, mikono imetulia. Lakini Wagogo walikuwa na uimbaji wao wa sauti nyingi tangu zamani. Hilo hawakulisubiri liletwe na meli. Leo muheme unasikika kwenye sherehe za kitaifa na hata ibadani. Msomi na mwanamuziki Kedmon Mapana, Mgogo ambaye baadaye alikuja kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), alichapisha utafiti mwaka 2007 kuhusu namna muheme ulivyobadilika. Binafsi naona ngoma ililipa nauli kubwa kuingia kanisani: ilibidi iache mlangoni sehemu ya yale iliyokuwa ikiwafundisha mabinti.

Je, wajua kuwa Mathias Mnyampala, aliyeandika historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu cha mwaka 1954, alikuwa Mkatoliki? Huyu huyu ndiye baba wa ngonjera. Mwaka 1963 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu, kisha Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Hebu fikiri kidogo: Mgogo wa bara, Mkristo, anachukua utenzi, bahari ya ushairi iliyolelewa na Waislamu wa pwani na iliyozoea kusimulia habari za Mtume Muhammad, anasimulia habari za Yesu humo. Anayedhani utamaduni na dini hukutana kwa amri ya maaskofu peke yao, amsome Mnyampala.

Je, wajua kwamba Ukimbu, nchi inayofika hadi Itigi katika wilaya hiyo hiyo ya zamani ya Manyoni, ilimfunda mmoja wa wanateolojia wakubwa wa utamadunisho, yaani kuipandikiza imani katika utamaduni wa watu? Padri Aylward Shorter, Mwingereza wa shirika la White Fathers, alifanya utafiti huko katika miaka ya 1960, akaandika kuhusu utemi wa Wakimbu (1972), na mwaka 1988 akatoa kitabu chake juu ya teolojia ya utamadunisho. Alianza kwa kuwasikiliza wazee, ndipo akaandika teolojia. Wengi hufanya kinyume.

Je, wajua kuwa mbali na Ugogo, kule Masasi, askofu Vincent Lucas aliwahi kuanzisha jando la Kikristo, lenye kanisa porini? Kwa wavulana lilishika. Kwa unyago wa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi.

Na si kila mila ilifunguliwa mlango. Ukeketaji, mila ambayo kwayo Dodoma na Singida zimekuwa miongoni mwa mikoa inayotajwa sana, ulipigwa marufuku kwa wasichana walio chini ya miaka 18 na sheria ya mwaka 1998. Hapo sina kigugumizi: kanisa likisema hapana, liseme kwa sauti.

Je, wajua kwamba Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, alijifunza Kinyaturu hapa hapa Singida hadi akakiandikia tasnifu ya udaktari mwaka 1964? Baadaye, akifundisha katika chuo cha Kilutheri cha Makumira, alikusanya nyimbo za Kikristo zenye mahadhi ya Kiafrika katika kitabu Tumshangilie Mungu. Mwaka 1966 mwanafunzi wa chuo hicho, Bernard Kyamanywa wa Bukoba, alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya. Walutheri wa Ujerumani wanauimba kwa Kijerumani. Katika kitabu chao cha nyimbo ni namba 116.