Goti Lisilouma Si Goti Lililopona

Vijana wetu, wavulana kwa wasichana, hupenda sana mchezo wa mpira, nasi twaufurahia pamoja nao. Lakini twataka kuwapa wao, wazazi wao na walimu wao shauri moja juu ya goti.

Ndani ya goti mna kano mbili zilizopishana kama msalaba. Ile ya mbele huushika mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Mara nyingi hukatika pasipo mchezaji kugongwa na mtu: akimbia, ageuka ghafula, au aruka na kutua vibaya, goti lajipinda, na kano yakatika. Ndipo mganga humpasua, akatwaa kipande cha kano nyingine, pengine ile iliyo chini ya pia ya goti, akakitia mahali pa ile iliyokatika.

Basi, hatari yenyewe yaja baadaye. Miezi michache ikipita, uvimbe umekwisha, maumivu yamekwisha, kijana atembea vema. Asema, "Nimepona!" Kumbe sivyo. Kipande kile ni kama mche uliohamishwa: wasimama wima, lakini mizizi haijashika. Mwili wahitaji miezi mingi kukitia damu na nguvu. Tena misuli ya paja imesinyaa, na mguu umesahau namna ya kutua.

Mwaka 2016 wataalamu walikusanya matokeo ya chunguzi nyingi. Waliona ya kuwa katika wanamichezo wasiotimiza miaka 25 waliorudi uwanjani, karibu mmoja katika wanne aliumia tena, ama goti lile lile, ama la pili. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine ulionyesha ya kuwa kila mwezi mmoja wa kungoja, mpaka mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa nusu hivi.

Hata mabingwa hawakuachwa. Giuseppe Rossi wa Italia, aliyechezea Villarreal ya Hispania, alikatika kano ya goti la kulia Oktoba 2011. Aprili 2012, miezi 6 isijatimia, kano ile ikakatika tena mazoezini, akakosa mashindano ya Ulaya ya mwaka ule.

Je, kijana afanyeje? Kwanza, asirudi kushindana kabla ya miezi 9, hata kama goti haliumi. Pili, afanye kila siku mazoezi aliyoagizwa, asiyaache kwa uvivu wala kuyazidisha kwa tamaa. Tatu, apimwe: nguvu za mguu uliopasuliwa zifikie walau sehemu 90 katika 100 za mguu wa pili, naye aweze kuruka kwa mguu mmoja na kutua imara. Kalenda peke yake haitoshi.

Nanyi walimu na wakubwa wa timu, msimwite mchezaji wenu mwoga kwa sababu akataa kucheza siku ya fainali. Kombe litashindaniwa tena mwaka ujao. Goti la kijana wa miaka 16 lina kazi ya miaka mingi mbele yake: litambeba shambani, kazini na nyumbani kwake. Mvumilivu hula mbivu.